Mahudhurio Hayatoshi na Mtihani Umefika: Kulegezewa Masharti, Mtihani Maalumu au Kuahirisha Muhula?

Mgomo wa wahadhiri wa vyuo vikuu vya umma nchini Kenya mwaka 2025 ulianza tarehe 17 Septemba ukamalizika tarehe 5 Novemba. Hizo ni siku 49, wiki saba kamili, katika muhula ambao kwa kawaida una wiki 14 hivi za mihadhara. Mwaka 2017 mgomo mwingine ulikula siku zaidi ya 50, kuanzia Januari hadi Machi. Tanzania nako vyuo vilifungwa Machi 2020 kwa sababu ya korona, vikafunguliwa tarehe 1 Juni. Kila mara milango inapofunguliwa, ratiba hubanwa, tarehe za mitihani hubandikwa, na wanafunzi wengi hugundua kwamba hawajatimiza masharti ya kuingia chumba cha mtihani.

Mwenye tatizo hilo ana njia tatu za halali: kuomba alegezewe masharti akae mtihani pamoja na wenzake, kuomba mtihani maalumu aukae baadaye, au kuahirisha muhula mzima. Zote tatu huokoa mtu, na zote tatu zimewaumiza watu waliozichukua bila kuhesabu. Tunayoyaeleza hapa ni mazoea ya vyuo vya umma vya Kenya na Tanzania. Kanuni za mitihani za chuo chako ndizo zenye kauli ya mwisho, kwa hiyo zisome kabla ya kuandika barua yoyote.

Kwanza, sharti gani limekukwamisha?

Watu husema "nimenyimwa mtihani" kana kwamba sharti ni moja. Yako manne, na kila moja lina mlango wake. Mahudhurio (vyuo vingi hutaka theluthi mbili ya vipindi, vingine asilimia 75) hushughulikiwa na idara. Alama za ndani, yaani CAT (majaribio ya katikati ya muhula) na kazi za nyumbani kwa Kenya au kozi weki kwa Tanzania, huanzia kwa mhadhiri wa somo. Usajili wa masomo kwenye mfumo wa chuo uko kwa msajili. Ada iko kwa ofisi ya fedha, na bila kuimaliza, au bila mpango wa malipo ulioidhinishwa, kadi ya mtihani haichapiki. Barua nzuri ya kuomba kulegezewa mahudhurio haitafungua kadi iliyofungwa na deni la ada. Ukikwama pawili, andika barua mbili.

Kwa upande wa mahudhurio, hesabu yenyewe ndiyo kiini cha kesi. Chukua somo la saa tatu kwa wiki: wiki 14 ni saa 42. Mgomo umekula wiki saba, zikafundishwa saa 21 tu, nawe ulihudhuria 18. Ukigawanya kwa saa zilizopangwa, una asilimia 43 na umeshindwa vibaya. Ukigawanya kwa saa zilizofundishwa, una asilimia 86 na umevuka hata kiwango cha 75. Mwanafunzi ni yuleyule na saa ni zilezile. Kilichobadilika ni kigawanyo. Hivyo jambo la kwanza kuiomba idara ni kwamba mahudhurio yahesabiwe kwa vipindi vilivyofundishwa. Wengi wanaodhani wanahitaji huruma hugundua hapo kwamba walihitaji hesabu sahihi tu.

Lakini chanzo cha kuvurugika kwa masomo hubadilisha hesabu hiyo. Wahadhiri wakigoma, kipindi hakikufanyika na hakuna anayeweza kukudai. Chuo kikifungwa na seneti, chombo chake kikuu cha masuala ya masomo, hali ni hiyohiyo. Wanafunzi wakisusia madarasa huku wahadhiri wakiendelea kufika, kipindi kinaweza kuandikwa kuwa kimefanyika, hata kama ukumbi ulikuwa na watu wanne, na wewe ukaandikwa hukuwepo. Mafuriko au usafiri uliokatika kwa baadhi ya wanafunzi huwa katikati ya hayo mawili, na hapo ushahidi wako binafsi ndio utakaoamua.

Vigezo tulivyotumia kulinganisha

Kila njia tumeipima kwa mambo matano: muda unaopotea, kinachotokea kwa alama, gharama na mkopo, athari kwa masomo yanayofuata, na nani anaamua kwa ushahidi upi. Katika uzoefu wa ofisi za ushauri, wanafunzi huuliza la kwanza na la tatu. La pili ndilo linalowagharimu zaidi.

Njia ya kwanza: kulegezewa masharti

*Muda.* Hupotezi kitu. Unakaa mtihani na darasa lako na kusonga nalo. Ndiyo sababu njia hii inapendwa.

*Alama.* Hapa ndipo pa kusimama na kufikiri. Kulegezewa sharti kunakufungulia mlango wa chumba cha mtihani, lakini hakukupi alama za CAT ambazo hukufanya. Kenya mgawanyo wa kawaida ni 30 kwa CAT na 70 kwa mtihani, na alama ya kufaulu katika programu nyingi ni 40. Ukiwa na 15 kati ya 30, unahitaji 25 kati ya 70, sawa na asilimia 36 ya karatasi. Ukiruhusiwa kuingia huku CAT zako zikihesabiwa sifuri, unahitaji 40 kati ya 70, asilimia 57, na hata ukipata kila swali huvuki 70. Kwa Tanzania, penye mgawanyo wa 40 kwa 60, asiye na kozi weki anahitaji 40 kati ya 60, yaani theluthi mbili ya karatasi, ili apate C tu. Zaidi ya hapo, viko vyuo vinavyotaka uwe na angalau 16 kati ya 40 kabla ya kuukaribia mtihani.

Kwa hiyo ombi linalosema "naomba niruhusiwe kukaa mtihani" halijakamilika. Lazima liseme CAT iliyokosekana itatendewaje. Kuna njia tatu zinazojulikana: kupewa CAT ya ziada kabla ya mtihani, CAT moja iliyofanyika kubeba alama zote 30, au karatasi ya mwisho kuhesabiwa kwa 100. Tofauti si ndogo. Aliyepata 12 kati ya 15 kwenye CAT ya kwanza atabaki na 12 kati ya 30 ikiwa ya pili itaandikwa sifuri, na atapata 24 kati ya 30 ikiwa ile moja itabeba zote. Alama 12 zinatosha kukuhamisha daraja zima. CAT moja kubeba zote humfaa aliyefanya vizuri ya kwanza. Aliyeharibu ya kwanza aombe CAT ya ziada. Kama mnaomba kwa darasa zima, lipigieni kura jambo hili mapema, kwa sababu idara hulipatia darasa zima utaratibu mmoja.

Kuna jambo jingine linalosahaulika. Karatasi za mitihani mara nyingi hutungwa na kupitiwa na mtahini wa nje mapema, pengine kabla ya mgomo. Maana yake inaweza kuwa na maswali ya mada ambazo hakuna aliyewafundisha. Ombi la pamoja liwe na orodha ya mada zilizofundishwa na zisizofundishwa, na liombe mojawapo ya mawili: karatasi irekebishwe, au mada zilizobaki zifundishwe kwa vipindi vya fidia kabla ya mtihani. Mada zisizofundishwa kabisa ziombewe nafasi katika somo linalofuata, la sivyo pengo litawafuata hadi mwaka wa tatu.

*Gharama na mkopo.* Hakuna ada ya ziada kwa kawaida, na mkopo wa HELB (bodi ya mikopo ya elimu ya juu Kenya) au bumu, yaani posho ya mkopo, la HESLB (bodi kama hiyo Tanzania) haliguswi. Gharama iliyojificha ni vipindi vya fidia vya jioni, Jumamosi na mtandaoni: nauli, bando, na kugongana kwa ratiba. Ukikosa vipindi vya fidia, unakuwa umelegezewa sharti moja na kuvunja jingine. Vya mtandaoni, ingia kwa jina lako kamili na namba ya usajili, maana orodha ya waliohudhuria hutolewa kwenye mfumo.

*Masomo yanayofuata.* Unaendelea kama kawaida kwenye karatasi. Kichwani unaweza kuwa na nusu ya hesabu za mwaka wa kwanza. Kwa somo ambalo ni msingi wa mengine, hilo ni deni.

*Nani anaamua.* Si mhadhiri. Hili tunalisema kwa msisitizo kwa sababu ndilo linaloumiza watu kila mara: mhadhiri mwema anakuambia "usijali, utafanya," wewe unatulia, na siku ya mtihani jina halimo kwenye orodha. Mahudhurio na alama za ndani ni kanuni za seneti. Mhadhiri anaweza kupendekeza, mkuu wa idara akapitisha, bodi ya kitivo au ndaki ikajadili, na uamuzi ukatoka kwenye seneti au kamati yake. Anza angalau wiki tatu kabla ya mtihani wa kwanza. Pata jibu la maandishi lenye namba ya kumbukumbu, kisha nenda kwa mratibu wa mitihani uone kwa macho yako kwamba jina lako limeingia.

Ombi la darasa lina nguvu kuliko la mtu mmoja, kwa sababu idara haiwezi kusema ni uzembe wa mtu. Kiongozi wa darasa atayarishe jedwali la ukurasa mmoja kwa kila somo: saa zilizopangwa, saa zilizofundishwa, CAT zilizofanyika na tarehe zake, mada zilizobaki. Aambatishe nakala za daftari la mahudhurio na tangazo rasmi la kufungwa na kufunguliwa kwa chuo. Malalamiko marefu kuhusu mgomo yaachwe. Wanaosoma barua walikuwepo.

*Inamfaa nani.* Mwenye pengo dogo, aliyefanya angalau CAT moja, na ambaye somo lake halidai saa za vitendo maabara au wodini.

Njia ya pili: mtihani maalumu

*Muda.* Unauhamisha mtihani hadi kipindi cha mitihani maalumu, ambacho mara nyingi ni kilekile cha sup (mtihani wa marudio wa aliyefeli), mwishoni mwa mwaka wa masomo au likizo ndefu. Unapata wiki au miezi ya kujisomea.

*Alama.* Huhesabiwa kama jaribio la kwanza, kwa alama kamili. Hii ndiyo tofauti yake kubwa na sup, ambayo hata ukipata 78 alama inayoandikwa ni ya kufaulu tu: 40 kwa Kenya, C kwa Tanzania. Anayeingia mtihani hajajiandaa kwa mawazo kwamba "nikifeli nitasapua" anauza alama zake kwa bei ya kutupa, wakati mtihani maalumu ungemhifadhia. CAT ulizofanya hubebwa, lakini thibitisha kwamba zimeingizwa kwenye mfumo kabla muhula haujafungwa. Alama zinazopotea ni ugonjwa wa zamani wa vyuo vyetu, na mtihani uliokaliwa nje ya darasa ndio unaopoteza alama kwa urahisi zaidi. Tunza karatasi za CAT zilizosahihishwa.

Hatari yake ni hii: kwa kuwa maalumu na sup hukaliwa siku zilezile, ukifeli maalumu huenda huna sup ya mwaka huo. Utasubiri duru ijayo.

*Gharama na mkopo.* Vyuo vingine hutoza ada ndogo ya mtihani. Nauli na malazi ya kurudi chuoni wakati wa likizo ni juu yako, na posho ya mkopo haikuhesabii siku hizo. Anayesoma Dodoma na kwao ni Kigoma ajumlishe safari mbili kabla hajaamua.

*Masomo yanayofuata.* Kwa kawaida unaendelea na muhula wa pili huku ukidaiwa mitihani. Masomo mawili ya maalumu yanabebeka. Matano juu ya mzigo wa muhula mpya yamewazamisha wengi. Na ikiwa somo unalodaiwa ni sharti la kusajili jingine, mfumo unaweza kukukatalia usajili.

*Nani anaamua.* Idara na kitivo, kwa sababu zinazokuhusu wewe: ugonjwa, msiba, kujifungua, na kwa vyuo vingine ukosefu wa ada. Mgomo peke yake mara nyingi haukubaliki kama sababu, maana umewapata wote na chuo huona kimeshausawazisha kwa kusogeza ratiba. Lakini kilichokupata *kwa sababu* ya mgomo kinaweza kukubalika kikiwa na karatasi: ulirudi nyumbani ukaugua, barabara ikakatwa na mafuriko wiki ya kufungua, ulipata kazi ya muda na chuo kikafungua kwa taarifa ya siku chache. Cheti cha hospitali kiwe na tarehe zinazoangukia siku za mtihani au siku za CAT. Cheti cha mwezi uliopita hakisaidii. Ombi liingie kabla ya mtihani. Ukikosa bila taarifa, vyuo vingi vitaandika kuwa hukutokea, na hilo ni karibu na kufeli.

*Inamfaa nani.* Mwenye sababu binafsi yenye ushahidi, masomo moja hadi matatu yaliyokwama, na nidhamu ya kusoma bila darasa.

Njia ya tatu: kuahirisha muhula

*Muda.* Hapa wengi hukosea hesabu. Masomo ya muhula wa kwanza kwa kawaida hufundishwa muhula wa kwanza tu. Ukiahirisha muhula huo, hutarudi baada ya miezi minne. Utarudi darasa lile litakapofundishwa tena, karibu mwaka mzima baadaye, na kundi lililo nyuma yako.

*Alama.* Unaanza upya, bila doa kwenye rekodi. CAT ulizofanya kwa kawaida hufutika pamoja na muhula. Kwa mtu ambaye angeingia mitihani sita bila chochote kichwani, hii ndiyo inayolinda daraja la shahada.

*Gharama na mkopo.* Ndiyo ghali kuliko zote. Ada uliyolipa inaweza kuhamishiwa muhula utakaorudi, lakini vyuo vina tarehe ya mwisho. Ukiahirisha baada ya hapo inaweza kuhesabika imetumika. Omba jibu la ofisi ya fedha kwa maandishi. Hosteli utaihama. Posho ya mkopo husimama, na ukinyamaza ikaendelea kuingia, utakuja kudaiwa irudishwe. Mtanzania apite kwa afisa mikopo wa chuo akiwa na nakala ya barua ya kuahirisha, na siku ya kurudi apite tena na barua ya kurejea. Mkenya aijulishe HELB vivyo hivyo. Waliosahau hatua ya kurejea wamekaa muhula mzima bila fedha.

*Masomo yanayofuata.* Mnyororo haukatiki, unachelewa tu. Angalia kama mtaala unabadilishwa mwaka ujao, kwa sababu unaweza kurudi ukakuta somo limefutwa na ukahitaji kulinganishiwa masomo.

*Nani anaamua.* Kitivo na msajili, kwa fomu rasmi, kabla ya mitihani kuanza. Muda unaoruhusiwa mara nyingi ni mwaka mmoja, ukiongezwa usizidi miwili. Kuondoka bila fomu si kuahirisha. Ni kutoroka, na mwisho wake unaweza kuwa kudisko, yaani kuondolewa masomoni.

*Inamfaa nani.* Aliyepoteza karibu muhula wote, mgonjwa wa muda mrefu, mzazi mchanga, au anayebeba matatizo ya fedha ambayo hayataisha kabla ya mtihani.

Pale ambapo seneti haina uwezo wa kulegeza

Wanafunzi wa uuguzi, udaktari, famasia, uhandisi na sheria wana bwana wa pili: baraza au bodi ya taaluma. Saa za wodini, za maabara au za mafunzo kwa vitendo huhesabiwa kwa ajili ya kusajiliwa kazini, na chuo hakina mamlaka ya kuzisamehe. Idara ikikwambia umelegezewa saa 60 za kliniki, uliza zitafidiwa lini. Zisipofidiwa, pengo litajitokeza siku ya kuomba leseni, wakati huna tena namba ya mwanafunzi. Hali kadhalika kwa mafunzo ya ualimu kwa vitendo.

Uchague kulingana na hali yako

Kama wahadhiri waligoma na wewe ulihudhuria vilivyofundishwa, usiombe huruma ya aina yoyote. Omba kigawanyo kirekebishwe, kwa barua ya darasa, na muafikiane kuhusu CAT.

Kama umekosa CAT zote za somo moja au mawili kwa ugonjwa wenye cheti, omba CAT ya ziada kwanza. Ikikataliwa au siku zikiwa hazitoshi, nenda mtihani maalumu. Kuingia na sifuri ya CAT kuwe chaguo la mwisho kabisa, na kwa somo unalolimudu tu.

Kama kilichokuzuia ni ada peke yake, usiahirishe kabla hujapeleka ofisi ya fedha mpango wa malipo wenye tarehe na kiasi, pamoja na uthibitisho wa mkopo unaosubiriwa. Migomo hurudisha nyuma na ratiba za mkopo pia, na ofisi hizo zinalijua hilo.

Kama ulishiriki kususia madarasa huku vipindi vikiandikwa kuwa vimefanyika, msimamo wako ni dhaifu ukiwa peke yako. Pitia serikali ya wanafunzi, kwa sababu suluhu ya aina hiyo hupatikana kwenye makubaliano ya kurudi darasani. Hakikisheni mahudhurio na CAT vinatajwa humo kabla ya mtu yeyote kutia sahihi. Baada ya sahihi ni vigumu kufungua mazungumzo.

Kama uko mwaka wa mwisho na jina lako linasubiriwa kwenye orodha ya mahafali, linganisha tarehe mbili: siku ya mtihani maalumu na siku seneti inapopitisha matokeo ya wahitimu. Maalumu ikiangukia baada ya kikao hicho, mahafali yako ni ya mwaka unaofuata, na hapo kulegezewa masharti kunastahili kupiganiwa kwa nguvu zote.

Kama umekosa zaidi ya nusu ya vipindi vilivyofundishwa katika masomo manne au zaidi, jaza fomu ya kuahirisha wiki hii, ukiwa na barua ya ofisi ya fedha mkononi na nakala ya kumpelekea afisa mikopo.